Namna ya Kuongoza Somo la Kuzaliwa Mara ya Pili na Imani: Lipi Hutangulia?

Yeyote anayeongoza kikundi cha kujifunza Biblia hapa Malindi hakai muda mrefu kabla hajaulizwa swali hili: je, mtu huamini kwanza ndipo azaliwe mara ya pili, au Mungu humzaa kwanza ndipo aweze kuamini? Kwenye mkeka mmoja, katika nyumba moja ya Barani au Maweni, huketi Mpresbiteri aliyelelewa kwa Katekisimu ya Westminster, Mmethodisti ambaye wazee wake walibatizwa Ribe, Mwanglikana aliyepata kipaimara, na kijana wa kanisa la Kipentekoste aliyeokoka mwaka jana baada ya kuitwa mbele. Kila mmoja wao amefundishwa jibu lake, na mara nyingi hakuambiwa kwamba lipo jibu jingine linaloshikwa na Wakristo wanaoipenda Biblia kama yeye.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya ndugu au dada aliyekabidhiwa kikundi cha namna hiyo bila kupitia chuo cha theolojia. Mara ya kwanza nilipoliongoza somo hili nililiharibu. Nilianza na aya moja niliyoiona kuwa na nguvu kuliko zote, nikawaachia waumini wawili wenye maneno mengi wapokezane hoja mpaka saa tatu usiku, na mama mmoja aliyeketi karibu na mlango akaondoka bila kuuliza swali alilokuja nalo. Swali lake nilikuja kulisikia wiki mbili baadaye, nami nitalirudia mwishoni.

Maandalizi

Ligawe somo katika jioni tatu. Ya kwanza iwe ya maneno, ya pili iwe ya aya, na ya tatu iwe ya historia, mifano na maswali ya moyoni. Sisi huanza saa moja, majirani wakiwa wamekwisha kuswali magharibi, na humaliza saa mbili u nusu. Madirisha yetu huwa wazi kwa sababu ya joto, na jirani husikia kila neno. Kwa hiyo usiruhusu mtu aipime imani ya jirani kwa mzaha, wala usiruhusu jibu la upande wowote kati ya Wakristo lidharauliwe kwa kufananishwa na mafundisho ya Kiislamu ya kadari, yaani majaliwa ya Mungu. Jambo hilo lina wanazuoni wake, na si letu kulihukumu tukiwa kwenye mkeka wa Biblia.

Omba kila mtu aje na tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952, kwa kuwa hoja nyingi za mjadala huu zimeshikilia kiambishi kimoja au viwili, na watu wakisoma tafsiri mbalimbali watadhani wanapingana kumbe wanasoma maneno tofauti. Weka pia sharti kwamba anayetaja aya aisome pamoja na aya tano zilizotangulia na tano zinazofuata. Sharti la mwisho ndilo kubwa: asiulizwe mtu yeyote, katika jioni hizo tatu, kama yeye mwenyewe amezaliwa mara ya pili. Swali hilo lina mahali pake. Likiingizwa katikati ya mjadala huwa silaha, na aliyeelekezewa silaha hasikilizi tena.

Jioni ya kwanza: maneno kabla ya aya

Watu wengi hugombana juu ya jambo hili kwa sababu hawajakubaliana maana ya maneno matatu: kuzaliwa, imani na kutangulia.

Chukua kuzaliwa mara ya pili. Wapo wanaolitumia neno hili kwa maana finyu, yaani tendo moja la Roho Mtakatifu la kuutia uzima moyo uliokufa, tendo ambalo huenda mwenyewe asijue saa lilipotokea. Wapo wanaolitumia kwa maana pana, yaani maisha mapya yote ya Mkristo, toba na utakaso vikiwamo, mpaka siku ya kufa kwake. Mwenye kushika maana pana hawezi kusema kwamba kuzaliwa hutangulia imani, kwa kuwa utakaso huja kwa imani. Mwenye kushika maana finyu anaweza. John Calvin, mwanamatengenezo wa Kanisa wa karne ya 16, ambaye jina lake hutajwa kila mara na wanaosema kuzaliwa hutangulia, aliandika katika kichwa cha sura ya tatu ya kitabu cha tatu cha kazi yake kubwa iitwayo Institutes, toleo la mwaka 1559, kwamba tunazaliwa upya kwa imani, naye alikuwa akizungumza juu ya toba ya maisha yote. Ungamo la Imani la Ubelgiji la mwaka 1561, katika kifungu cha 24, linasema vivyo hivyo: imani ya kweli, inayoletwa kwa kulisikia Neno na kwa kazi ya Roho, ndiyo humzaa mtu upya. Kisha Sinodi ya Dort, mkutano mkuu uliokaa Uholanzi mwaka 1618 na 1619 katika makanisa yaliyolikubali Ungamo hilohilo, ikafundisha kwamba wale ambao Mungu anatenda kazi hii mioyoni mwao huzaliwa upya kwa hakika, na ndipo huamini. Hakuna aliyejipinga hapo. Kilichobadilika ni upana wa neno, na kiongozi asiyelijua hilo atawaona watu wawili wakimnukuu Calvin kwa pande mbili, akose la kusema.

Kuna na maana ya tatu, ambayo katika mji wetu haiwezi kuachwa. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba mtu huzaliwa upya katika ubatizo, na Walutheri nao huufunga uzazi huo na ubatizo kwa namna yao, wote wakitazama maneno ya Yesu kuhusu maji na Roho katika Yohana 3:5 na maneno ya Paulo kuhusu kuoshwa katika Tito 3:5. Kwa fundisho la Kikatoliki, mtoto mchanga anayebatizwa huzaliwa upya katika imani ya Kanisa, kabla hajaweza kusema mwenyewe "naamini". Kwa hiyo Mkatoliki na Mpresbiteri wanaweza kutamka sentensi ileile kwamba kuzaliwa hutangulia imani ya mtu binafsi, huku kila mmoja akiwa na jambo lake moyoni. Miongoni mwa Waanglikana jambo hilo liliwahi kufika mahakamani huko Uingereza: askofu mmoja alikataa kumpa parokia kasisi George Gorham kwa sababu ya fundisho lake juu ya ubatizo na kuzaliwa upya, na mzozo ule, ulioanza mwaka 1847, ulimalizika mwaka 1850 kwa uamuzi uliompa Gorham haki. Mwanglikana wa kikundi chako akiyumba kati ya maana hizi, usimwone kuwa hajafundishwa. Kanisa lake lilipitia humo.

Juu ya imani usikae sana. Inatosha wakubaliane kwamba imani inayozungumzwa ni kumtegemea Kristo, na kwamba kuijua habari yake na kuikubali kuwa kweli ni sehemu tu ya kumtegemea huko.

Neno kutangulia ndilo lenye mtego. Likisikika, watu hufikiria saa na kalenda: Jumatatu amezaliwa, Ijumaa ameamini. Wanatheolojia wengi wanaosema kuzaliwa hutangulia hawana maana hiyo, wanazungumzia chanzo na tokeo. Ukiwasha koroboi, moto na mwanga huonekana kwa wakati mmoja. Hata hivyo mwanga watoka kwa moto, na moto hautoki kwa mwanga. Uliza kikundi chako swali kwa namna hii: tukikubali kwamba kuzaliwa na kuamini huja pamoja, lipi ni moto na lipi ni mwanga? Likiulizwa hivyo, nusu ya ubishi hupoa, na nusu inayobaki ndiyo inayostahili jioni zinazofuata.

Kabla hamjaagana jioni hiyo, itumieni sarufi ya lugha yetu wenyewe, kwa maana Kiswahili kina kauli ambazo lugha nyingine hazina. Kuamini ni kauli ya kutenda: mimi ndiye ninayeamini. Kuzaliwa ni kauli ya kutendwa: hakuna mtu aliyejizaa. Halafu tunayo kuokoa, kuokolewa na kuokoka. Katika Waefeso 2:8 Biblia yetu inasema "mmeokolewa", na aliyeokoa anaonekana nyuma ya neno. Katika Matendo 16:31 mlinzi wa gereza anaambiwa, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Katika Kigiriki kitenzi cha pale ni cha kutendwa pia, lakini watafsiri walichagua kuokoka, na makanisa yetu yakalishika neno hilo hata likawa salamu na ushuhuda: nimeokoka. Mpe kila mmoja dakika mbili aeleze tofauti anayoisikia kati ya "nimeokoka" na "nimeokolewa". Nimeona watu waliokuwa wakibishana wakinyamaza na kufikiri kwa mara ya kwanza.

Waonye hata hivyo kwamba sarufi hii haiumalizi mjadala. Mgonjwa hutibiwa, wala hajitibu. Lakini aweza kuwa alikwenda hospitali kwa miguu yake. Kauli ya kutendwa inamtaja mtendaji, haisemi kama kulikuwa na sharti lililotangulia.

Jioni ya pili: aya, na namna ya kuzipima

Usiwaruhusu watu wapange aya zao safu mbili, kila upande ukihesabu za kwake. Aya zisomwe kwa jozi, na kila upande uanze kwa kueleza nguvu ya aya inayoupinga.

Anza na 1 Yohana 5:1: "Kila mtu aaminiye kwamba Yesu ni Kristo amezaliwa na Mungu." Wanaosema kuzaliwa hutangulia huishika aya hii kwa mikono miwili, na sababu yao iko wazi hata kwa Kiswahili: "aaminiye" ni wa sasa, na "amezaliwa" ni tendo lililokwisha kutimia. Kigiriki nacho kina mpangilio huohuo. Huongeza kwamba Yohana ametumia muundo huu kwingine katika waraka uleule: katika 2:29 atendaye haki amezaliwa na Mungu, na katika 4:7 "kila apendaye amezaliwa na Mungu". Hakuna Mkristo anayefundisha kwamba mtu hutenda haki kwanza ili azaliwe. Basi kwa nini kuamini kusomwe kwa namna nyingine?

Hoja hii ni nzito, na upande wa pili wauheshimu uzito wake. Lakini waambie wasome mpaka aya ya 10 ya sura hiyohiyo: "Asiyemwamini Mungu amemfanya kuwa mwongo." Muundo ni uleule, wa sasa ukifuatiwa na uliotimia, na hapa ni dhahiri kwamba mtu hakumfanya Mungu kuwa mwongo kwanza ndipo akaacha kuamini, kutokuamini kwake ndiko kulikomfanya hivyo. Yohana 3:18 nayo inasema asiyeamini "amekwisha kuhukumiwa", na inatoa sababu: hakuamini. Ili jambo hili liwaingie, toa sentensi mbili za nyumbani. "Kila asomaye gazeti hili amefundishwa kusoma." Hapo kufundishwa kumetangulia. "Kila afungaye duka mapema amepoteza wateja." Hapo kupoteza kumefuata. Kiambishi cha -me- kipo kote kuwili, na mpangilio umegeuka. Kwa hiyo wakati wa kitenzi peke yake hauwezi kutuamulia. Ninavyoisoma mimi, Yohana katika aya hii anawapa wasomaji wake alama ya kuwatambulia waliozaliwa na Mungu, ili wasidanganywe na waliomkana Kristo, na si haki kuibebesha aya hii mzigo wote wa fundisho.

Jozi ya pili imo ndani ya sentensi moja, Yohana 1:12–13. Aya ya 12 inasema "wote waliompokea aliwapa uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu", na mtu asomaye bila kutanguliza mfumo wake ataona kupokea kukija kabla ya kufanyika watoto. Aya ya 13 inasema hao walizaliwa "si kwa damu, wala si kwa mapenzi ya mwili, wala si kwa mapenzi ya mtu, bali kwa Mungu." Anayeshika aya ya 13 husema: kama kuzaliwa hakukutokana na mapenzi ya mtu, kutatokanaje na uamuzi wake wa kuamini? Anayeshika aya ya 12 hujibu kwamba 13 yataja chanzo cha uzazi, yaani Mungu, na haikusudii kupanga mfuatano. Wapo pia wanaotenganisha kufanywa mtoto kwa haki ya kisheria na kuzaliwa kwa uzima, wakasema la kwanza hufuata imani na la pili huitangulia. Utengano huo waweza kuwa wa kweli, ila Yohana mwenyewe hakuuweka hapa, na ni uaminifu kukiri hivyo.

Jozi ya tatu ndiyo ninayoipa muda mrefu kuliko zote. Katika Waefeso 2 Paulo anasema tulikuwa wafu kwa sababu ya makosa, na tungali wafu Mungu "alituhuisha pamoja na Kristo". Mfu hafanyi lolote ili ahuishwe. Kwangu mimi, aya hii pamoja na ahadi ya Ezekieli 36:26, ambamo Mungu anasema atautoa moyo wa jiwe na kuwapa watu wake moyo wa nyama, ndizo zilizoniegemeza upande wa wanaosema kazi ya kuhuisha hutangulia. Moyo wa jiwe hauamini; kama umeamini, kuna aliyekwisha kuugusa. Lakini siruhusiwi kunyamaza juu ya Wakolosai 2:12, ambapo Paulo huyohuyo, akizungumzia kufufuliwa pamoja na Kristo, anasema kulikuwa kwa kuamini nguvu za Mungu. Wala siruhusiwi kunyamaza juu ya Ezekieli 18:31, ambapo watu wanaamriwa wajifanyie moyo mpya. Anayefundisha upande wangu lazima aeleze aya hizi. Asiziruke kama mtu arukaye dimbwi.

Humo humo katika Waefeso 2:8 kuna jambo ambalo Kiswahili chetu kinaweza kutupoteza. Biblia yasema, "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu". Katika ngeli zetu "hiyo" yaweza kurejelea imani au neema, na msomaji wa Kiswahili hudhani jambo limekwisha: imani ni kipawa. Katika Kigiriki neno linalosimama mahali pa "hiyo" halikubaliani kijinsia na imani wala neema, na wafasiri wengi huona linarejelea jambo zima la kuokolewa kwa neema kwa njia ya imani. Imani bado yaweza kuwa ndani ya kipawa hicho. Ila asiseme mtu kwamba sarufi ya aya imemthibitishia.

Aya nyingine zipitie upesi. Yohana 6:44, kwamba hakuna ajaye asipovutwa na Baba, isomwe pamoja na 12:32, ambapo Yesu asema atawavuta wote. Yohana 20:31 yasema kwamba kwa kuamini twapata uzima. Yakobo 1:18 na 1 Petro 1:23 zisomwe na wote kwa sauti, kwa sababu zinafunga mlango ambao vijana wengine hupenda kuufungua: zinasema tunazaliwa kwa neno. Hata anayesema kuzaliwa hutangulia hana ruhusa ya kufundisha kwamba Mungu huwazaa watu hapa petu bila Injili kuhubiriwa, kisha wahubiri wakafika baadaye kuwahesabu. Warumi 10:17 inasema imani "chanzo chake ni kusikia".

Jioni ya tatu: waliobishana kabla yetu

Historia isiwe ndefu. Yako mambo matatu yanayotosha, na kila moja hufuta uongo mmoja.

Uongo wa kwanza ni kwamba wasioshika mafundisho ya Calvin husema mtu hujianzia imani mwenyewe. Mwaka 529, maaskofu waliokutana Orange, kusini mwa Ufaransa ya leo, walifundisha, wakifuata njia ya Augustino katika kumpinga Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu aweza kutenda mema bila kutanguliwa na neema, kwamba hata mwanzo wa imani, hata ile hamu ya kutaka kuamini, ni zawadi ya neema. Kwa hiyo kwamba neema hutangulia ni urithi wa pande zote.

Uongo wa pili ni kwamba wafuasi wa Jacobus Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi, walifundisha kwamba mtu aweza kuamini kwa nguvu zake. Yeye alifariki mwaka 1609, na mwaka uliofuata wafuasi wake wakatoa vifungu vitano huko Uholanzi. Kifungu cha tatu kinasema kwamba mtu hana imani iokoayo kwa nguvu zake, na kwamba lazima azaliwe upya na Mungu kwa Roho Mtakatifu ndipo aweze kufikiri na kutenda lililo jema kwa kweli. Ukiwasomea Wapresbiteri wa kikundi chako kifungu hicho bila kuwaambia kimetoka wapi, watasema amina. Tofauti ilikuwa katika kifungu cha nne, kilichosema kwamba neema hiyo yaweza kukataliwa, na Dort ikajibu kwamba Mungu akikusudia kumzaa mtu, kazi hiyo haishindwi.

Uongo wa tatu ni kwamba John Wesley, ambaye Wamethodisti wa pwani wamerithi mafundisho yake, hakuona kwamba mtu amekufa dhambini. Yeye alihubiri kuzaliwa upya maisha yake yote, akafundisha kwamba watu wote wamekufa dhambini, na kwamba neema itanguliayo huwaamsha kiasi cha kuweza kuitikia au kukataa. Anayeitikia kwa imani ndiye anayezaliwa upya. Mkiyaweka hayo matatu pamoja mtaona njia panda ilipo. Wote husema Mungu huanza. Swali ni kama kile anachokianza ndani ya mtu, kabla hajaamini, ni uzima wenyewe ambao lazima uzae imani, au ni mwamsho unaoweza kuzimwa.

Mifano ya watu na hatari yake

Jioni hii watu huleta mifano, na kila mfano huwa umeficha jibu tumboni mwake. Anayesema mwenye dhambi ni mtu anayezama na kutupiwa kamba amekwisha kuamua kwamba mikono yake ina nguvu ya kushika. Anayesema ni maiti chini ya bahari amekwisha kuamua kinyume chake. Usiikataze mifano, ila mwulize mwenye mfano: ni aya gani imekupa mkono huo wa kushika, au umauti huo?

Sisi wa pwani tuna mfano wetu, na ndio unaohitaji uangalizi zaidi, kwa sababu tunaupenda. Yesu alimwambia Nikodemo, "Upepo huvuma upendako, na sauti yake waisikia, lakini hujui unakotoka wala unakokwenda". Mara tu aya hii inaposomwa, mtu atasema kwamba upepo ni wa Mungu lakini tanga huinuliwa na baharia. Ni usemi mzuri, na sipendi kumnyima mtu bahari yake. Lakini pepo zetu tunazijua. Tunajua kaskazi huvuma miezi gani na kusi huingia lini, na kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni yalifika Lamu na Malindi kwa upepo mmoja na kurudi kwao kwa mwingine. Ujuzi huo ndio unaotufanya tuisome aya kinyume: Yesu amesema hujui unakotoka, nasi tumeisoma kana kwamba amesema jiandae, msimu unakuja. Tanga halimo katika maneno yake. Mkumbushe pia msomaji kwamba katika Kigiriki upepo na roho ni neno moja, na kwamba neno tulilotafsiriwa "mara ya pili" laweza pia kuwa "kutoka juu", kama lilivyotafsiriwa katika aya ya 31 ya sura hiyohiyo. Nikodemo alisikia "mara ya pili", akawaza tumbo la mamaye. Huenda nasi, kwa kuuliza sana lipi la kwanza na lipi la pili, tumeegemea upande wa Nikodemo wa neno hilo, na Yesu alikuwa akitaja litokako.

Swali la mama aliyeketi karibu na mlango

Acha nusu saa nzima ya mwisho kwa maswali ya moyoni, na uyaombe kwa karatasi, maana wengine hawawezi kuyasema mbele za watu. Swali la yule mama lilikuwa hili: kijana wake ameacha kanisa, anakesha ufukweni na hataki kusikia habari za Mungu, kama ni Mungu anayemzaa mtu kwanza, yeye anaomba nini kila alfajiri, na kama ni kijana anayeamua kwanza, Mungu anaombwa afanye nini?

Maswali ya namna hii yasijibiwe kwa mkato. Katika eneo letu tunayo sababu ya kuogopa viongozi wanaojua kila kitu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, si mbali na mji huu, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga mpaka kufa, na watoto walikuwa miongoni mwao. Kiongozi wa Biblia aseme wazi kwamba hana jicho la kuona nani amezaliwa na nani bado, na asimruhusu yeyote katika kikundi kujipa jicho hilo.

Kisha umfungulie mama huyo maandiko. Msomee Matendo 16:14, ambapo Paulo ananena, Lidia anasikiliza, na Bwana anaufungua moyo wake: mambo matatu katika aya moja, na hakuna lililomzuia mwenzake. Mwonyeshe kwamba yule anayesema imani hutangulia naye huomba, "Bwana, mguse mwanangu", wala haombi Mungu akae mbali mpaka kijana aamue. Halafu rudini Ezekieli 36. Katika aya ya 26 Mungu ameahidi moyo mpya, na ameahidi bila kusubiri mtu. Katika aya ya 37, akiwa bado anahesabu atakayowatendea watu wake, anasema kwamba nyumba ya Israeli itamwomba jambo hilo awatendee. Nilipomsomea yule mama aya hizo mbili, aliniomba nirudie ya pili, akaiandika namba yake nyuma ya kadi ya kliniki aliyokuwa nayo mkobani, akaniuliza kama anaweza kuja na kijana wake wiki ijayo akikubali.